Wanamwita Baba kwa Spika za Pikapu

Kisangani, Ijumaa. Zimebaki siku nne tufike Juni 30.

Joto la leo halina adabu. Mvua ilitishia tangu saa nne, ikanguruma mara mbili upande wa ng'ambo, kisha ikaenda zake na kutuachia jasho. Umeme ulikatika saa tano. Tunaishi karibu na maporomoko ya Tshopo, yale yanayotoa umeme wa mji mzima, na bado sisi ndio hukatiwa kwanza. Kwa hiyo nimefunika cherehani, nimechukua simu yenye chaji ya nusu, na ninaandika nikiwa na hasira. Asiyetaka hasira leo asome blogu nyingine.

Nina hasira na Patient. Nina hasira na pikapu yake na spika zake nne. Kuna pia wa tatu ninayemkasirikia kuliko hao wote, lakini huyo nitamtaja baadaye, maana bado naona aibu.

Nianze na kilichokuwa habari njema. Jumanne ni sikukuu ya uhuru, na kuanzia saa tisa alasiri kutakuwa na ngoma na muziki kwenye uwanja ulio kando ya mto. Tangazo limebandikwa kila ukuta wa Makiso, mjini kati. Wazee wa rumba watapiga magita yao wenyewe na saksafoni yao wenyewe, si wale wanaopanda jukwaani na nyimbo kwenye flashi mfukoni. Vijana wa Mangobo watacheza dansi zao za mtaani. Akina mama wa Kiislamu watakuja na matari, na hao mimi nawapenda sana kwa sababu hawaanzi kupiga mpaka wametazamana wote kwanza. Halafu sisi, wanawake kumi na mmoja wa balle ya Tshopo, kundi letu la ngoma, na sketi za rafia nilizozishona mwenyewe. Tumefanya mazoezi miezi miwili kwenye kiwanja cha shule, kila Jumatano na kila Jumamosi, hata wenye mafua walikuja.

Patient ndiye anayepanga yote haya. Ni kijana mchapakazi, ana simu tatu na hajui kutembea polepole. Mpaka Jumatano nilikuwa nikimsifu kwa kila mtu.

Lakini ili nieleweke, lazima niseme habari za baba.

Baba yangu, papa Lofemba, alikuwa mtu wa mto, wa upande wa Yanonge, na alikuwa mpigaji wa lokole. Wageni wakiona lokole husema ni gogo. Ni kweli ni gogo, lililochimbwa ndani kupitia mwanya mrefu, na mwanya huo una midomo miwili: mmoja unatoa sauti ya juu, mwingine ya chini. Kwa sauti hizo mbili watu wetu walikuwa wanapeana habari kijiji hadi kijiji, kabla simu haijazaliwa. Lokole haipigi tu mdundo wa kuchezea. Inasema. Na kwa kuwa sauti ni mbili tu, haiwezi kusema kifupi; neno moja la mdomoni, kwenye lokole linakuwa sentensi nzima, ili msikilizaji asilichanganye na lingine.

Kila mtu ana jina lake la lokole. Ni jina lake, likifuatwa na la baba yake, likifuatwa na kijiji cha mama yake. Ukitaka kumpa mtu habari, kwanza unamwita kwa jina hilo, mara mbili au tatu, aache anachofanya na asimame. Kisha ndipo unampa habari.

Baba alikuwa na umri wa kama miaka kumi siku ya uhuru. Alipenda kutusimulia kwamba siku ile babu alipiga lokole tangu asubuhi, akaita kila mtu wa kijiji kwa jina, hata watoto, halafu akawaambia kwamba nchi imekuwa yao. Ilikuwa mara ya kwanza baba kusikia jina lake likipita juu ya maji. Alikuwa amebeba kapu la mihogo, akaliangusha. Kila Juni 30 tulisikia habari za kapu lile, na mama alikuwa akiuliza kila mwaka kama mihogo iliokotwa.

Halafu ikaja miaka ya uasi. Juni moja, majeshi mawili ya kigeni yaliyokuja kama marafiki wa waasi yakagombana yenyewe kwa yenyewe, yakapigana humu humu mjini, siku sita. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili. Tulikuwa tumelala sakafuni, mama amenilalia juu. Siku ya tatu mabomu yalinyamaza kidogo na baba akakumbuka kwamba lokole yake iko barazani. Alitoka kuiingiza ndani. Bomu lililoanguka kwa jirani lilimpiga yeye na lokole pamoja.

Tulimzika nyuma ya jiko, haraka haraka, kwa jembe la kuazima. Hakuna aliyepiga lokole. Ya kwake ilikuwa imepasuka toka mwisho hadi mwisho. Tonton Basele, niliyemwita mjomba kwa kuwa alikuwa rafiki yake wa utotoni na mpigaji mwenzake, alikuwa amekwama ng'ambo, Lubunga, na siku zile aliyepiga kitu chochote alijibiwa kwa bomu. Baba alikufa bila kutangazwa. Vita vilikwisha, watu wakarudi kazini, sisi tukabaki na hilo.

Mama hakuitupa lokole iliyopasuka. Iko nyuma ya nyumba mpaka leo. Anaikalia akimenya mihogo, na hakuna aliyewahi kumwambia asiikalie.

Mwezi uliopita ndipo mama alisema hataki kufa kabla mume wake hajatangazwa. Hakueleza zaidi, aliendelea kusonga ugali. Basi tukaandaa matanga, zaidi ya miaka ishirini baada ya mazishi. Tonton Basele alivuka na lokole yake kwenye mtumbwi. Amezeeka, mikono inamtetemeka anaposhika kikombe, lakini aliposhika fimbo mbili za kupigia haikutetemeka hata kidogo. Alimwita baba, akamwita tena, akamwita tena, kisha akatangaza kwamba amekufa. Mama alilia kama mjane wa jana. Wanawake wa mto walilia naye. Na mimi nililia kwa kuwa wao walikuwa wanalia.

Nilirekodi yote kwa simu. Sauti ilitoka safi sana.

Siku chache baadaye Patient aliandika kwenye kundi letu la WhatsApp kwamba anatafuta sauti ya asili, ya nguvu, ya kuweka kwenye matangazo ya Juni 30. Mnaona sasa tunakokwenda. Nilimtumia ile rekodi kabla dakika tano hazijaisha. Nilikuwa najivunia. Nilitaka mji wote usikie jinsi lokole yetu inavyolia, si magita tu.

Huyo ndiye wa tatu. Ni mimi.

Jumatatu asubuhi pikapu ilipita mtaani kwetu kwa mara ya kwanza. Mtu wa mitambo alikuwa amekata sekunde chache tamu, akazirudia rudia, akaweka kinanda chini yake, na juu yake sauti ya mwanamume inayonguruma kwamba tufike wote Jumanne. Niliacha cherehani nikatoka mlangoni. Nilicheza. Nikiwa na utepe wa vipimo shingoni na uzi mdomoni, nilicheza pale mlangoni, na majirani wakanipigia makofi.

Mama alitoka nyuma ya nyumba, kisu cha mihogo mkononi.

"Nani anamuita papa yako?" aliniuliza.

"Mama, iko tangazo tu, publicité ya trente juin," nilimjibu, na sikuacha kucheza.

Alisimama barabarani mpaka pikapu ikakata kona. Ilipita tena mchana, akatoka tena. Saa kumi, tena. Jumanne aliandaa chakula cha mchana, pondu, yaani kisamvu, na samaki wa kwenye majani, akaweka sahani tatu mezani. Nyumba hii tuko wawili. Ile ya tatu aliifunika kwa sahani nyingine nzi wasiingie. Nilikula yangu nikarudi kwenye cherehani. Jumatano aliiweka tena, na hapo nikasema. Nilimfokea. Nilimwambia aache mambo hayo, watu watasema amechanganyikiwa. Nilimfokea mama yangu mezani mbele ya chakula alichokipika mwenyewe, naye akanitazama kwa subira, kama anayemtazama mgonjwa wa homa, kisha akaniambia hivi:

"Banamuita siku tatu. Juu ya nini banamuita, kama habana habari ya kumupa?"

Nilifikiri ni uzee. Niliandika hata namba ya daktari.

Jana asubuhi tonton Basele alivuka mto. Hakusubiri hata kukaribishwa. Alikuwa amesikia ile kelele kutoka Lubunga, kwa sababu maji hubeba sauti na Patient alikuwa ameegesha pikapu bandarini saa nzima. Aliingia na kofia kichwani, na yeye huvua kofia hata akipita mbele ya duka.

"Georgine, nani alibapa ile sauti?"

Nikamwambia ni mimi. Akakaa.

Alinieleza polepole, na sijui kama nitasahau. Zile sekunde alizozikata mtu wa mitambo ni jina la baba. Jina lake, la babu, na kijiji cha bibi mzaa baba. Ni mwito mtupu. Habari iliyofuata, kwamba amekufa, imekatwa na kutupwa, labda kwa kuwa haikuendana vizuri na kinanda. Kwa hiyo tangu Jumatatu, mtaa kwa mtaa, kuanzia Kabondo hadi barabara ya Kapalata, pikapu inamwita papa Lofemba, inamwita tena, inamwita tena, na haimwambii kitu.

Mama hakuwa amechanganyikiwa. Katika nyumba hii yeye peke yake ndiye aliyekuwa anasikia.

Nilichukua toleka mpaka Makiso. Kwa wasomaji wa mbali, toleka ni baiskeli ya kubeba abiria, na kwa kawaida ni usafiri wa mtu asiye na haraka, lakini jana yule kaka alinyonga pedali kwa nguvu kwa sababu nilikuwa nikiongea peke yangu nyuma ya mgongo wake. Nilikuwa napanga maneno. Nilipanga kumwambia Patient kwamba hana haya. Kwamba watu kama yeye wanauza vitu vya wazee wetu bila kuvijua. Kwamba sisi wanawake kumi na mmoja tunajitoa, na Jumanne akatafute nani wa kucheza.

Nilisema yote hayo, na mengine sikuyapanga. Ofisini kulikuwa na watu wanne, wote wakainamia simu zao.

Patient alinisikiliza amesimama. Nilipotulia kuvuta pumzi akasema:

"Ya Georgine, dada yangu, mbona unanifokea mbele ya bantu? Shida iko nini? Hakuna tusi ndani. Bantu banapenda, hata batoto banacheza."

"Uko unamuita papa yangu. Alikufa. Unamuita tangu lundi, siku nne."

Nilimwona akirudisha ile sauti kichwani. Halafu akaniuliza kwa upole kabisa, na upole wake ndio ulionimaliza:

"Donc iko jina ya mutu? Miye sisikie lokole, ya. Koko yangu wa Isangi alikuwa anasikia. Weye unasikia?"

Nikavuta kiti nikakaa.

Nilikuwa nimekwenda kumwaibisha mjukuu wa mwanamke wa mto asiyejua lugha ya bibi yake. Na mimi je? Mimi ni binti wa mpigaji. Nimekulia chini ya lokole, nilijifunza kutembea kwa kuishikilia. Nilisikia jina la baba yangu likiitwa barabarani, nikatoka mlangoni kukata kiuno. Patient hakuwa na ubaya. Alinionyesha hata ujumbe niliomtumia siku ile, bado uko kwenye simu yake. Chini ya rekodi niliandika "moto wa kwetu huu", nikaweka vile vikatuni vitatu vya mwanamke anayecheza. Nilitamani sakafu ya ofisi inimeze.

Na bado hasira haikuisha, nikiri hivyo pia. Kwa sababu kosa ni langu, lakini si langu peke yangu. Ni nani aliyetufundisha kwamba vitu vya nyumbani ni vya kufungulia sherehe tu? Shuleni tulipigwa kwa kusema lugha ya mto. Kila Juni 30 tunaletwa uwanjani, tunavishwa rafia, tunacheza dakika kumi mbele ya viti vya wakubwa, wanatabasamu, kisha hotuba zinaanza na sisi tunaonyeshwa njia ya kutokea. Tumecheza hivyo tangu utotoni mpaka wenyewe tukaamini kwamba kazi ya lokole ni kuchangamsha. Hilo linaniudhi kuliko pikapu.

Patient alimpigia dereva simu palepale, nikiwepo, akamwambia azime. Niliona amefanya haraka, na nikamshukuru kwa sauti ndogo. Nikatoka nikidhani yamekwisha. Nilipanda toleka nyingine kurudi nyumbani, na kabla hatujafika darajani simu ya kaka aliyenibeba ikalia mfukoni mwake.

Ilimwita baba.

"Umetoa wapi ile sauti?" nilimuuliza.

"Kila mutu iko nayo, mama," alisema. "Iko tamu."

Nilipofika nyumbani niliwakuta tonton na mama wamekaa nyuma, chai imepoa. Nikawaambia nimeamua: balle inajitoa, hatuchezi, wakubwa watazame viti vitupu. Nilikuwa nasubiri mama anisifu. Badala yake alitikisa kichwa.

"Banakwisha kumuita," alisema. "Yeye anakwisha kusimama. Utamuacha pale njiani, uende kulala?"

Na tonton akaniambia desturi ambayo sikuijua, au niliijua nikaiacha ipite sikio hili itokee lile. Mtu akiitwa kwa lokole haachwi bila habari. Hata ukiita kwa makosa, lazima umpe neno la kumrudisha kwenye shughuli zake, na anayetoa neno hilo ni yule aliyesababisha aitwe. Haijalishi kama aliyeitwa yuko hai. Tena neno hilo linapaswa kusemwa kwa sauti itakayofika mbali kama ule mwito.

Mwito umefika mji mzima. Kwa hiyo habari itatolewa Jumanne, uwanjani, kwa lokole halisi mbele ya zile spika zenyewe. Tonton atapiga. Maneno natakiwa kuyatoa mimi.

Leo asubuhi nilimwandikia Patient. Akajibu mara moja kwamba tutafungua sisi, kabla ya orkesta na kabla ya hotuba, na kwamba mtu wa mitambo hatagusa kitu. Aliongeza kwamba angependa kusimama karibu na tonton, asikie. Sijui nifanye nini na huyu kijana. Ni vigumu kumkasirikia vizuri.

Basi tangu asubuhi naandika. Kabla umeme haujakatika nilikuwa nimejaza kurasa mbili za daftari la vipimo vya wateja. Niliandika kila kitu. Kwamba tulimzika bila sanduku. Kwamba mama alipanga foleni kwenye ofisi moja baada ya nyingine akiwa na picha ya baba, na kila dirisha lilimtuma kwenye dirisha lingine. Kwamba hakuna mtu, wa kabila lolote, wa jeshi lolote, wa nchi yoyote, aliyewahi kubisha mlango wetu kuomba msamaha. Kwamba ile nchi ambayo babu alimwambia imekuwa yake, sisi bado tunaitafuta. Kwamba wakubwa watakuwa wamekaa mbele yako pale, papa, ukitaka kuwatazama usoni.

Tonton alisoma zote mbili, kidole chini ya kila mstari. Halafu akacheka, kwa mara ya kwanza tangu avuke.

"Hii nitaipiga mupaka kesho yake, mercredi," alisema. "Lokole iko na maneno marefu, mutoto yangu. Patient ametupa dakika tano. Chagua."

Kuchagua. Zaidi ya miaka ishirini tumenyamaza, na sasa nina dakika tano. Niliona machozi ya hasira yanakuja nikaenda kuosha vyombo visivyokuwa vichafu. Nikafuta mstari mmoja, nikafuta mwingine. Ofisi zimetoka. Sanduku limetoka. Kila nilichofuta nilihisi nakizika mara ya pili.

Yamebaki maneno haya:

Umeitwa na binti yako, kwa kutojua. Waliokuua hawajaja kuomba msamaha. Sisi tuko, tunacheza. Rudi ukalale.

Tonton alihesabu kwa vidole, akasema yanatosha. Nikamuuliza wakubwa watafanya nini wakisikia. Akasema hawatasikia, watapiga makofi. Anawajua. Wanawake wa mto walio nyuma ya kamba, kule wanakosimama watu wa kawaida, ndio watasikia, na wa Lubunga, upepo ukiwa mzuri.

Wapige makofi basi. Mimi sitawachezea wao. Nimewaambia wenzangu kumi kwamba Jumanne tutacheza tukiwaelekea wale walio nyuma ya kamba, na asiyeweza kuwapa mgongo wakubwa anirudishie sketi yangu. Hakuna aliyeirudisha.

Kuna jambo moja zaidi, la leo alasiri, kisha simu itazima.

Nilimwomba tonton anifundishe jina la baba. Jina tu. Alinipigia taratibu juu ya meza, mara tano, sita, kisha akaenda kupumzika. Mimi nikachukua miiko miwili ya jikoni nikaenda nyuma ya nyumba. Mama alikuwa amekalia lokole iliyopasuka, anamenya. Aliona miiko. Akainuka bila kuulizwa, akaketi juu ya ndoo, akaendelea na mihogo yake.

Lokole ile haina sauti tena, ina kikohozi tu. Lakini mdomo wa sauti ya juu na wa sauti ya chini bado unaweza kuitofautisha ukiinamisha sikio. Nikapiga.

"Hapo umeita mutu wa Isangi," mama alisema.

Nikapiga tena. Akasema huyo hamjui, pengine hajazaliwa. Mara ya tatu akasema nimempata babu lakini mtoto nimemwacha nyuma. Nilianza kuona haya, nikataka kuiweka miiko chini. Nikapiga mara ya nne, polepole, jina lake, la baba yake, kijiji cha mama yake.

Kisu cha mama kilisimama juu ya muhogo. Akageuza uso kutazama upande wa jiko, pale tulipomzika.

"Iko yeye," alisema.

Mikono yangu inauma hadi sasa, lakini hayo si malalamiko. Linalonisumbua, na sijathubutu kumuuliza, ni kwamba nimeishi na huyu mwanamke maisha yangu yote na sijui lokole inamwitaje yeye. Kesho nitajifunza jina la mama, angali yupo wa kunisahihisha.